Kicheko Mbele ya Dola

Kazi yangu ni kufundisha fasihi ya Kiswahili, na katika kazi hiyo liko somo moja ambalo zamani lilikuwa rahisi kuliko yote. Somo hilo ni kejeli. Mwalimu alikuwa na haja ya kueleza mambo mawili tu: kwanza, ada ya dunia ilivyo, pili, jinsi mtunzi anavyoichukua ada hiyo akaikuza, akaipinda, au akaigeuza juu chini mpaka ubaya wake ukaonekana na watu wote. Mfalme anayetoza kodi ni ada. Mfalme anayetoza kodi ya kivuli ni kejeli. Mwanafunzi alicheka, akaandika katika daftari lake, nasi tukaingia somo jingine. Tangu mwaka 2024 somo hili limekuwa zito. Kipimo tulichokuwa tukipimia kimepotea. Natoa mfano wa jambo ambalo nadhani limekuzwa kupita kiasi, na kijana mmoja aliyeketi nyuma ananyosha mkono na kuniambia, "Hilo, Mwalimu, si la kubuni. Lilitokea Jumanne."

Jumanne aliyoitaja ilikuwa tarehe 25 Juni 2024. Walio mbali na Nairobi yafaa waelezwe yaliyotangulia. Serikali ya Kenya ilipeleka bungeni Mswada wa Fedha ambao ulikusudiwa kuongeza mapato yake kwa shilingi bilioni 346 hivi. Ndani yake mlikuwa na kodi ya asilimia 16 juu ya mkate, ushuru wa asilimia 25 juu ya mafuta ya kupikia, kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na tozo ya mazingira ambayo iligusa hata nepi za watoto wachanga na sodo za wanawake. Sitaki kuidhulumu serikali. Deni la nchi lilikuwa kubwa, na mwenye kudai hapokei mashairi. Walakini aliyekuwa akitaka kodi hiyo ya mkate alikuwa ameingia madarakani mwaka 2022 kwa kujinadi kuwa mtetezi wa mama muuza mboga na mwendesha bodaboda, na hao ndio watu ambao chakula chao cha asubuhi ni chai na vipande viwili vya mkate. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka.

Nasema kucheka kwa makusudi. Waandishi wengi wa magazeti walisema kwamba vijana walikasirika, na ni kweli. Lakini hasira yao ilitanguliwa na kicheko, na kicheko hicho kilikuwa cha watu waliosoma. Walimpa Rais jina la Zakayo. Kila mtoto aliyepita katika shule ya Jumapili anamjua Zakayo, mtoza ushuru, mtu mfupi, aliyepanda juu ya mkuyu ili apate kuona. Vijana wakaimba barabarani wakimtaka ashuke. Mimi ni mtu wa Pwani na sikulelewa katika kanisa, lakini kama mwalimu wa fasihi nililistahi jina hilo. Kwanza, lilitoka katika Kitabu ambacho mtawala mwenyewe alikuwa akikisoma mbele ya watu takribani kila Jumapili. Hakuweza kusema kwamba limeletwa na wageni. Pili, Zakayo wa hadithi alishuka. Aliposhuka aliwapa maskini nusu ya mali yake, na aliyemdhulumu akamlipa mara nne. Basi jina lile, ambalo wakubwa walilichukua kama tusi, ndani yake lilikuwa na tumaini kubwa. Hukumwambia ashuke mtu ambaye umekwisha kumkatia tamaa.

Neno jingine walilolitumia lilikuwa langu zaidi, maana ni neno la Kiswahili safi: kusalimia. Nambari za simu za wabunge zilitangazwa, na vijana wakahimizana kwenda kuwasalimia waheshimiwa. Salamu zikamiminika kwa maelfu, usiku na mchana, mpaka wabunge wakalalamika kwamba simu zao hazifai kitu tena. Nani atakwenda mahakamani kushitaki salamu? Wazee wetu wa Mombasa na Lamu, mabingwa wa kufumba, wangaliwavulia kofia vijana hawa ambao walimu wao, nikiwamo mimi, tulizoea kuwalaumu kwamba Kiswahili chao kimeoza kwa lugha ya mitaani.

Mkate uliondolewa katika mswada mnamo tarehe 18 Juni, siku ambayo maandamano yalianza. Kodi ya gari nayo iliondolewa. Lakini mengi yalibaki, na ule mchezo wa kuondoa hiki na kubakiza kile ulifanywa kama mteja na mwenye duka wanavyopatana bei, na watu wakahisi wamedharauliwa. Jioni ya tarehe 20 kijana wa miaka 29 aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Tarehe 25 wabunge 195 waliukubali mswada na 106 wakaukataa. Muda mfupi baadaye umati uliingia bungeni. Sehemu ya jengo iliwaka moto, wabunge walitoroka kwa njia ya chini ya ardhi, waandamanaji wengine waliketi katika mkahawa wa Bunge wakala chakula kilichokuwa kimepikiwa waheshimiwa, na picha moja ilimwonyesha kijana ameishika siwa ya Bunge mkononi.

Msomaji aniwie radhi, hapa sina budi kusimama kidogo. Neno siwa katika miji ya kale ya Pwani ni baragumu kubwa linalopulizwa kwa ubavuni. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu ni ya shaba. Mtu aliyeziona hasahau nakshi zake. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilipulizwa mtawala alipotawazwa, ilipulizwa katika harusi na tohara za waungwana, na asiyekuwa na haki hakuwa na ruhusa ya kuigusa. Wakati tulipopata mabunge na kuhitaji jina la ile fimbo ya mamlaka inayotangulia mbele ya Spika, neno siwa lilikubaliwa, na lilifaa sana. Jambo moja tu lilipotea njiani, yaani sauti. Siwa ya Pate ilikuwa na tundu la kupulizia. Siwa ya Bunge ni bubu. Haiwezi kupulizwa na mtu yeyote, mwungwana wala mtwana. Inabebwa tu, inawekwa mezani, inaondolewa. Nilipoiona mikononi mwa kijana yule nilihofu, maana najua mwisho wa siku ambazo alama za dola huchukuliwa kwa mkono. Lakini nakiri pia kwamba macho yangu yalitafuta tundu.

Jioni ile Rais alizungumza na taifa na kuyaita yaliyotokea uhaini. Siku ya pili yake, Jumatano tarehe 26, alizungumza tena na kusema kwamba wananchi wamesema, naye hatautia mswada sahihi. Baina ya hotuba hizo mbili hazikupita saa 24. Natamani kuwapa wanafunzi wangu zoezi la kulinganisha hotuba hizo, kwa kuwa nadra hupatikana mifano miwili ya balagha iliyotofautiana hivyo kutoka kinywa kimoja na juu ya watu walewale. Lakini zoezi hilo halichekeshi likifika katikati. Waliouawa Jumanne mchana hawakupata habari ya Jumatano. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliandika vifo 60 katika maandamano ya majuma yale. Ikiwa mswada haukufaa kutiwa sahihi Jumatano, haukufaa kufiwa Jumanne.

Mambo yaliyofuata nayapita haraka, kwa sababu ni ya kawaida katika siasa zetu. Mwezi Julai takribani baraza zima la mawaziri lilifukuzwa kwa kishindo, na kabla ya mwezi kwisha baadhi yao wakarudishwa kimya. Wakuu wa chama cha upinzani wakaingia serikalini, mmoja wao akapewa wizara ya fedha, na chama chao kikaendelea kusema kwamba kiko katika upinzani. Mwezi Desemba sheria nyingine za kodi zikatiwa sahihi, na barabara zikawa tupu.

Nikiwaeleza vijana habari hizi, wao hudhani kwamba zama zao ndizo za kwanza kuona vituko. Hapo ndipo nawarudisha nyuma. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kilichouliza swali: Kenya: Twendapi? Swali si tusi, wala si silaha. Mtu akiuliza njia huelekezwa. Yeye alishitakiwa kwa uchochezi, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka 3, ambacho sehemu yake kubwa alikaa peke yake chumbani. Huko gerezani alitunga mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni. Alifunguliwa mwaka 1972. Mashairi yakachapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Na mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi. Tuzo hiyo iliitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Nimefundisha diwani hiyo miaka mingi, na kila mara nikifika katika habari ya tuzo husubiri darasa licheke. Mwaka 2023 lilicheka. Mwaka 2025 halikucheka. Kijana mmoja aliuliza tu ikiwa mtunzi alilipwa fedha zake.

Kisa cha pili ni cha Ngugi wa Thiong'o. Riwaya yake Matigari ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1986. Ngugi mwenyewe ameeleza kwamba mapema mwaka 1987 ilivumishwa mashambani kwamba yuko mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza wapi utapatikana ukweli na haki, na serikali ya Rais Moi ikatoa amri akamatwe. Polisi walipogundua kwamba mtu huyo yumo kitabuni tu, kitabu kikakamatwa badala yake, kikaondolewa madukani na katika ghala ya mchapishaji. Msomaji atazame jambo hili kwa makini. Polisi hawakukosea sana. Mtu anayeuliza wapi ulipo ukweli na haki, akasikilizwa na kila kijiji, ni mtu hasa. Kasoro yake ni mwili tu.

Tasnifu yangu ya udaktari ilihusu mashairi ya kujibizana ya Pwani, na kwa hiyo nina mazoea ya kupima mambo haya kwa mizani ya kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu walitupiana mashairi ya siasa makali kama upanga. Mtu asidhani kwamba enzi hizo zilikuwa za upole: mwanzoni mwa karne ya 19 damu nyingi ilimwagika katika mchanga wa Shela, na baadaye Mombasa yenyewe ilitekwa. Walakini shairi lilijibiwa kwa shairi. Mkubwa aliyechomwa kwa beti alitafuta malenga wake ajibu kwa beti. Katika yote niliyosoma sijaona mahali ambapo mtawala wa Mombasa alituma askari kwenda kumtafuta mhusika wa ngano.

Mwezi Aprili 2025 wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere walikwenda Nakuru katika tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza. Mchezo wao, Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa Seneta wa Kakamega, Cleophas Malala, ulihusu nchi ya kubuni. Ulikuwa umeondolewa katika mashindano, nao wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe kuigiza. Usiku wa kuamkia siku yao mwandishi alikamatwa akiwa njiani kwenda kuwafanyisha mazoezi. Asubuhi ya tarehe 10 wasichana walipanda jukwaani bila mwongozaji, bila vyombo vyao, na bila watazamaji. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaenda zao. Nje polisi walifyatua mabomu ya moshi wa kutoza machozi kuwatawanya watu waliokuja kuutazama mchezo wa watoto wa shule.

Nimeufikiri wimbo ule mara nyingi. Katika nadharia ya tamthilia tunafundisha kwamba mchezo unahitaji maneno, mahali, watendaji na watazamaji. Wasichana wale walinyang'anywa vitu vyote isipokuwa miili yao, na kilichobaki kilikuwa ule wimbo ambao serikali haiwezi kuupiga marufuku, kwa maana ni wake. Waliuimba, na dola ikasikia maneno yake yenyewe kutoka katika vinywa vya watoto iliowaogopa. Sijapata kuona mchezo mfupi kuliko huo wala mchezo uliosema mengi kuliko huo. Na hakuna mtunzi aliyeupanga.

Ngugi alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Wakuu wa nchi, Rais akiwa wa mbele, walimsifu kuwa jabali la fasihi yetu. Tarehe 30 Mei, siku mbili baadaye, mwanamke mmoja kijana, mtaalamu wa programu za kompyuta, alikamatwa Nairobi. Alikuwa ametengeneza tovuti ambayo raia akibonyeza mara moja hupeleka barua kwa kamati ya Bunge kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka ule. Katiba ya 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na Bunge lenyewe lilikuwa limewaita walete maoni. Maoni yalipokuja mengi, aliyeyarahisishia safari akashitakiwa kwamba ameingilia mitambo ya kamati. Tarehe 20 Juni mahakama iliamua kwamba hati ya mashitaka haikuonyesha kosa lolote, akaachiliwa. Naam, alikuwa amekwisha kulala rumande siku nne. Nilijaribu kumkumbuka Matigari nikicheka, nikashindwa kupata mahali pa kicheko: safari hii aliyefungwa alikuwa na mwili, na watoto nyumbani.

Hata kabla ya hapo, mwishoni mwa 2024, vijana kadhaa waliochora au kusambaza picha za kumdhihaki Rais walichukuliwa na watu wasiojulikana, miongoni mwao mchora vibonzo mmoja mashuhuri. Tume ya Haki za Binadamu ilisema kwamba tangu Juni mwaka ule watu 82 walikuwa wametekwa hivyo. Polisi walikana kwamba wanahusika. Kisha tarehe 27 Desemba Rais alisema hadharani kule Homa Bay kwamba utekaji huo utakomeshwa ili vijana waishi kwa amani. Mwanafunzi wa mantiki na aisome sentensi hiyo pamoja na ile ya polisi. Mtu anaweza kuahidi kuzuia mvua asiyoinyesha? Siku chache baadaye wengine wao walionekana, kila mmoja mahali pake, wakashindwa kusema walikotoka.

Mwezi Juni 2025 mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 31 alikamatwa kwao magharibi mwa nchi kwa sababu ya maneno aliyoandika mtandaoni juu ya afisa mmoja mkubwa wa polisi. Alisafirishwa mamia ya kilomita mpaka Nairobi. Asubuhi ya tarehe 8 alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Tuliambiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Wataalamu waliochunguza maiti walisema kwamba majeraha yake hayakuwa ya mtu aliyejigonga: alikuwa amepigwa na kukabwa shingo.

Katika Kiswahili kiambishi ji humrudisha mtendaji kwake mwenyewe: kujipenda, kujisifu, kujiua. Ni herufi mbili tu. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo juma lile lile kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa siku kadhaa sikuweza kuiandika ubaoni bila mkono kuwa mzito. Kejeli huishia hapa. Mtunzi hukuza ada ili ubaya uonekane. Lakini ubaya ukijionyesha wenyewe, ukasimama mbele ya watu na kuwataka waamini ukuta, hapana cha kukuza.

Swali linalonishughulisha ni hili: kwa nini dola yenye bunduki, magari na hazina iogope mtu wa kubuni? Jibu langu, ambalo wenzangu wa idara ya siasa wana ruhusa ya kulicheka, ni kwamba mhusika wa kubuni hanunuliki. Mpinzani mwenye mwili hupewa wizara, nasi tumeona mara ngapi. Kiongozi wa maandamano huitwa Ikulu, akanywa chai, akatoka na lugha mpya. Zakayo haitwi Ikulu. Matigari hapewi ubalozi. Mhusika wa nchi isiyokuwapo, aliyetungiwa wasichana wa Butere, hawezi kuahidiwa barabara ya lami kwao. Huwezi kupatana naye, huwezi kumtisha mama yake. Njia pekee ni kumzuia asipande jukwaani, na hata hapo hupandwa na wimbo.

Lakini wapenzi wa kicheko nao wasijisifu kupita kiasi. Nimeona kicheko kikifanya kazi mbaya. Mtu akicheka kila siku juu ya jambo lilelile hatimaye hulizoea, na jambo lililozoewa halimwondoi mtu kitini. Tena, nyuma ya vijana waliokuja na filimbi, bendera na maji ya chupa, walikuja wengine wenye marungu, na maduka ya watu wadogo yakavunjwa katikati ya Nairobi mwezi Juni 2025. Wengi walisema kwamba wahuni hao walikodiwa. Yawezekana, picha ziliwaonyesha wakitembea karibu na polisi bila kuguswa. Lakini mwenye duka la viatu aliyeamka akakuta rafu tupu hapati faraja kwa kujua nani alilipa. Tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, waliuawa watu wasiopungua 31 kwa hesabu ya Tume. Siku mbili baadaye Rais aliagiza kwamba anayekutwa akichoma biashara ya mwenzake asiuawe, bali apigwe risasi mguuni, aende hospitali, kisha afikishwe mahakamani. Baadhi ya watu waliisifu amri hiyo kwa kuwa ilitaja mahakama.

Katika majira hayo mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu aliniletea mchezo alioutunga. Mfalme mmoja anaona kwamba raia wake wamekonda, na anaelezwa na mawaziri kwamba wasingejua kama wamekonda lau wasingekuwa na vioo. Anaweka kodi juu ya vioo. Watu wanavunja vioo vyao na kwenda kujitazama katika madimbwi ya mvua. Mfalme anaajiri askari wa kuyakoroga madimbwi, na ili kuwalipa askari anaongeza kodi, na raia wanazidi kukonda. Mchezo ulikuwa na makosa ya upatanisho wa sarufi, na tukio la tatu lilikuwa refu mno, lakini ulikuwa mchezo. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kilitaka kuuonyesha mwishoni mwa Julai, na fomu ya kuomba ukumbi ilihitaji sahihi ya mwalimu mlezi. Mlezi ni mimi.

Kabla sijatia sahihi mama yake alinipigia simu kutoka Kitui. Alikuwa ameambiwa na mtoto mwenyewe, kwa furaha. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza habari za nyumbani kwangu, kisha akasema, "Mwalimu, huyu ndiye niliye naye. Wewe umesoma sana, utanielewesha. Huo mfalme ni nani?"

Nilimwambia kwamba mfalme hayupo, ni wa kubuni.

"Basi kama hayupo," alisema, "kwa nini mtoto aende kumsema?"

Katika miaka 17 ya kufundisha sijaulizwa swali la fasihi lililo zito kama hilo. Jibu la kitabuni ninalo, lenye majina ya Wagiriki, sikulitoa. Wala sikumwambia kwamba hakuna hatari, maana ningekuwa mwongo, na watoto wa wenzake walikuwa wamezikwa majuma mawili nyuma kwa kutokea barabarani tu. Nilimwambia kwamba sitamlazimisha kijana, wala sitamzuia. Kwamba mchezo ukikaa sandukuni atatunga mwingine, maana ndivyo alivyo. Na kwamba katika fomu jina la kwanza litakuwa langu, na mwenye kutaka kuuliza juu ya mfalme ataniuliza mimi. Alinyamaza kwa muda. Nilisikia kuku nyuma yake, na redio. Hakunishukuru wala hakunilaumu. Aliniuliza mchezo utakwisha saa ngapi, na kijana atafikaje anakolala.

Nilitia sahihi. Watazamaji walikuwa kama 90, na tukio la tatu lilikuwa refu bado. Mfalme alipowaamuru askari kukoroga dimbwi, ambalo lilikuwa karai la maji lililoazimwa kwa wapishi, watu walicheka sana. Askari alipoinama na kuiona sura yake mwenyewe ndani ya karai kabla ya kukoroga, hawakucheka. Sijui kama mtunzi alilipanga hilo au ni yule mwigizaji aliyejisahau. Tulimaliza saa 11 na nusu, jua lingali juu. Nilimpigia mama simu mbele ya mtoto wake, nikamwambia kwamba tumekwisha, kisha nikamsindikiza kijana mpaka kituo cha matatu, nikangoja mpaka gari lake likaondoka.